Shikamoo Haiulizi Kazi

Wiki iliyopita niliitwa kuzungumza na watumishi wapya hapa Kigoma mjini: wauguzi, walimu, makarani na maofisa ugani, vijana kama 60 hivi. Waliokosa kufika, hasa walioko Kasulu, Kibondo na Uvinza, wameniomba niwaandikie niliyoyasema. Nayaweka hapa yote kama yalivyotoka kinywani.

*

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi, ndugu zangu.

Kabla sijaanza, naona kinamama watatu wamesimama pale mlangoni na chupa za chai, na nyuma yao madereva wawili na kijana wa ulinzi. Mama zangu, viti vipo. Hapa mbele kuna safu nzima imebandikwa karatasi za "wageni rasmi", na wageni rasmi hawajatokea. Wekeni hizo chupa mezani mje mkae. Madereva, na ninyi njooni. Mlinzi, najua huwezi kuacha geti, basi vuta kiti uketi hapo hapo unisikie. Nangoja. Sina haraka.

Asanteni. Sasa tumetimia.

Wanangu, mimi nilikuwa karani wa masijala kwa miaka 39, tangu 1979 hadi 2018. Karani wa masijala hana cheo cha kutisha mtu. Hana gari, hana posho nene, hakati utepe. Lakini ana dirisha. Na mwenye dirisha anaweza kumfanya binadamu mwenzake ajione mtu, au ajione takataka, hata kabla ya saa mbili asubuhi. Ninyi nyote mmepewa dirisha. Muuguzi, dirisha lako ni kitanda cha mgonjwa. Mwalimu, dirisha lako ni ule mlango wa ofisi ambao mzazi anauchungulia kwa woga. Bwana shamba, dirisha lako ni pikipiki ya serikali inayosimama au isiyosimama mbele ya mkulima. Leo nataka tuzungumze juu ya anayesimama upande wa pili wa dirisha, na hasa juu ya nguo zake, mikono yake na harufu yake, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoviona kwanza, na hapo ndipo tunapokosea.

Nianze na baba yangu.

Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Nilipokuwa shuleni nilikuwa nasema "baba anafanya kazi bandarini", nikanyamaza hapo, ili wenzangu wadhani ni mtu wa forodha. Alikuwa kuli. Alibeba magunia kutoka behewani kwenda melini, na kutoka melini kwenda behewani. Kahawa ya Burundi ikija, saruji ikienda, chumvi ya Uvinza ikienda. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu gumu kama kisigino. Tukiwa watoto tulikuwa tunaligonga kwa kidole na yeye hasikii.

Baba alikuwa na shati moja jeupe la mikono mirefu. Nyumbani, kule Ujiji, tuliliita "shati la ofisi". Baba hakuwa na ofisi. Lilikuwa la kwendea kwenye ofisi za watu. Akiitwa shuleni, alivaa shati la ofisi. Akienda kulipa kodi, shati la ofisi. Akienda hospitali, shati la ofisi. Sasa, mwaka mmoja wakati wa masika aliugua homa kali, meno yanagongana, na shati lilikuwa limefuliwa halijakauka. Mvua haikatiki. Mama akamwambia, twende hivyo hivyo, unaumwa, huendi harusini. Baba akasema, "Nikienda na kaptula hii hawataniona."

Akangoja siku mbili shati likauke. Alipona, alhamdulillah. Lakini nimelikumbuka neno lake maisha yangu yote. Hakusema hawatanitibu. Alisema hawata-ni-ona. Mtu mzima, baba wa watoto saba, mtu aliyebeba tani na tani za mali ya nchi hii begani, anajua kwamba bila shati jeupe haonekani kwa macho.

Nani alimfundisha hivyo? Hakuzaliwa nalo. Kuna dirisha mahali lilimfundisha. Sitalitaja ni lipi, na pengine yalikuwa mengi.

Na sasa ndugu zangu, ngoja niwaulize. Je, kubeba mzigo ni aibu? Ni aibu tangu lini?

Maana kuna wakati, katika nchi yetu hii hii ya magharibi, kubeba mzigo ilikuwa ndiyo heshima. Karne ya kumi na tisa, kijana wa Kinyamwezi kule Unyanyembe, Tabora ya leo, hakuhesabiwa mwanamume mpaka awe amekwenda pwani na mzigo begani. Mzigo wa kilo 30 hivi, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, na kurudi. Akirudi, vigelegele. Mbele ya msafara anatembea kirangozi, ngoma inalia, watu wanatoka majumbani kuwatazama. Mpagazi alikuwa mtu! Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, ikafika hapa Kigoma 1914, misafara ikafa, na mbebaji akabaki stesheni na bandarini akiitwa kuli. Mzigo ni ule ule. Bega ni lile lile. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba aibu imo ndani ya kazi. Ingekuwa imo ndani yake, ingekuwamo tangu zamani.

Mnapowapeleka wageni Ujiji kuona ile kumbukumbu, pale walipokutana wasafiri wawili wa Kizungu, Livingstone na Stanley, mwaka 1871, mnawatajia majina mangapi? Mawili. Haya, hawa watu wawili waliwezaje kukutana katikati ya Afrika? Nani alibeba nguo, shanga, baruti, mahema, dawa, mpaka vitabu vyao? Pale chini ya ule mwembe, wakati wanapeana mikono, palikuwa na umati wa watu wenye mabega yanayouma.

Na mnajua kilichotokea Livingstone alipofariki? Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Waliokuwa naye ni watumishi wake, wakiwamo Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa Myao, aliokolewa utumwani akiwa mtoto. Bwana wao amekufa. Hakuna wa kuwaamrisha, hakuna wa kuwalipa, hakuna anayewaona. Wangeweza kuchukua mali na kwenda zao. Walikaa kikao. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo na magome ya miti, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo. Walipopita Unyanyembe walikutana na maofisa wa Kiingereza, wakaambiwa mzikeni hapa hapa, njia ni ya hatari. Hao wanaoitwa watumishi wakawakatalia maofisa. Wakasema, huyu anarudi kwao. Wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Mazishi yakafanyika London, katika kanisa la Westminster, Aprili 18 mwaka huo. Susi na Chuma hawakuwapo. Walipofika pwani walilipwa mshahara wao wakaambiwa kazi imekwisha. Aliyesafiri na jeneza ni mwenzao mmoja, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walikuja kupelekwa Uingereza baadaye, kaburi limeshafungwa.

Nikisoma habari hii huwa sielewi kitu kimoja, na naomba mnisaidie. Mtu anambeba marehemu miezi tisa, halafu mlango wa mazishi unafungwa mbele yake. Waliomlipa walidhani wamelipa nini?

Sasa tuje kwetu, kwenye salamu.

Sisi Waswahili tuna neno moja kubwa sana, na tunalichezea. Shikamoo. Wazee wanasema asili yake ni "nashika miguu yako". Naomba mnijibu kwa sauti: shikamoo inafuata nini? ... Umri. Sawasawa. Haifuati mshahara, haifuati gari. Mkuu wa wilaya mwenye miaka 35 akikutana na mfagizi mwenye miaka 60, nani aanze? ... Mkuu wa wilaya. Mnajua. Mtoto wa chekechea anajua.

Basi mbona nimeona hivi kwa macho yangu: mzee mlinzi, mvi kichwa kizima, anasimama, anavua kofia, anamwambia bosi kijana "shikamoo mheshimiwa". Na yule kijana, ambaye umri wake ni wa mtoto wa tatu wa mzee yule, anaitikia "marahaba" bila kuinua macho kwenye simu. Ndugu zangu, ile marahaba ilikuwa ya wizi. Amechukua kitu cha mzee, kitu ambacho mzee alikitafuta kwa kuishi miaka 60, kwa kuzika wazazi, kwa kulea, na ameingia nacho ofisini akafunga mlango.

Narudia: ni wizi. Mzee akikuanza kwa woga wake, usiipokee. Mwambie, "Hapana mzee wangu, shikamoo wewe." Mara ya kwanza atashtuka. Mara ya pili atacheka. Mara ya tatu mtakuwa mnasalimiana kama watu.

Watazameni wazee wa Kiha wakisalimiana kule Heru na Manyovu. Wanainama, wanapiga makofi taratibu, wanaulizana ya nyumbani, ya ng'ombe, ya shamba. Salamu ndefu mpaka mgeni anachoka kungoja. Katika urefu wote ule, kuna mtu ameulizwa kwanza, "Kwani wewe unafanya kazi gani?" Salamu inatangulia. Mengine yanafuata.

Kuna ndugu mmoja alinipinga niliposema haya mahali pengine. Akasema mzee, ofisi ina ngazi, nikianza kumwamkia dereva wangu nitamtumaje? Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba nimetumwa miaka 39, na waliokuwa wakinituma vizuri kuliko wote ni wale walionisalimia. Kutuma ni kazi. Dharau si sehemu ya kazi, hakuna anayelipwa kwa ajili yake. Na nchi hii ililijua hilo mapema. Mwongozo wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, wa 1971, kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam wakakishika kifungu hicho mikononi, wakagoma, na baadhi ya migomo ile haikuwa ya mshahara kabisa. Ilikuwa ni kwa sababu meneja anawatukana. Watu waliacha mashine kwa sababu ya tusi! Nyakati hizo tulikuwa tukiitana "ndugu", kuanzia Rais mpaka mkata nyasi, na Rais mwenyewe alibaki kuitwa kwa kazi yake ya zamani, ile aliyoifanya Tabora pale St. Mary's na baadaye Pugu: Mwalimu. Leo nasikia "mheshimiwa" mpaka kwenye vikao vya mtaa. Mimi sina ugomvi na neno mheshimiwa. Nauliza tu, tukishamwita mmoja mheshimiwa, yule aliyekaa pembeni yake tumemwita nani?

Nataka niwasimulie na la Gombe, kwa sababu wengi wenu mnatoka mikoa mingine na mnaisikia Gombe kama mahali pa sokwe na Wazungu. Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alishuka pale kwa mashua tarehe 14 Julai 1960. Alikuwa na miaka 26, hana shahada yoyote, kazi alizokuwa amefanya ni za uhazili na kuhudumia mezani. Kama angelikuja dirishani kwako akaomba kibali cha utafiti, ungempa? Haya, hilo liacheni. Ninayetaka kumtaja ni Hilali Matama. Kwenye karatasi za ajira watu kama yeye walikuwa wasaidizi wa porini, watu wa huku huku ziwani, wanaoajiriwa kufuata sokwe kwenye mabonde. Tarehe 7 Januari 1974 Hilali Matama ndiye aliyeshuhudia madume ya kundi moja wakimvamia mwenzao wa kundi lililojitenga. Dunia ilikuwa haijajua kwamba sokwe wanaweza kuwindana namna ile. Jicho lililoona ni lake.

Mwaka uliofuata, Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire, Kongo ya leo, wakateka vijana wanne wa utafiti. Waliachiliwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni wakaondoka Gombe. Ungetegemea kazi ife. Haikufa. Wale wasaidizi, Watanzania, waliendelea kupanda milima kila alfajiri, wakiandika kwa Kiswahili nani kala nini, nani kampiga nani, nani kazaa. Kumbukumbu hizo zinasomwa na maprofesa.

Mnapiga makofi. Asanteni, lakini hapo hapo nataka tusimame, kwa sababu naijua hatari ya hadithi kama hii. Mtu anaisikia, anasema, "Kumbe! Basi nimheshimu kila kibarua, huwezi kujua, pengine ni mtaalamu."

Mnaijua ile hadithi inayosimuliwa kwenye kila hotuba ya heshima. Mzee mwenye nguo chakavu anafukuzwa benki, kumbe ndiye mwenye benki. Msichana anamtukana mfagizi kwenye daladala, akifika kwenye usaili anamkuta yule mfagizi amekaa kiti cha mkurugenzi. Watu wanacheka, wanasema "mdharau mwiba mguu huota tende". Mimi siipendi hadithi hiyo. Siipendi kabisa, na nitasema kwa nini. Hadithi hiyo inasema kosa la msichana lilikuwa kutomtambua mkurugenzi. Na kama yule angekuwa mfagizi kweli? Mfagizi wa jana, wa leo na wa kesho, anayerudi Mwandiga jioni na miguu imevimba, hana benki, hana siri yoyote mfukoni? Ndiyo kusema tusi lilikuwa halali yake?

Baba yangu alikuwa kuli, akafa kuli. Hakukuwa na "kumbe". Hakugeuka kuwa mtu mwingine mwisho wa hadithi. Ninayemtetea hapa ni yeye, mtu asiye na kumbe.

Katiba yetu haina kumbe. Ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kutambuliwa! Yaani kuonekana, lile neno la baba. Na ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua, inataja rangi, kabila, dini, jinsia, halafu inataja na hali ya maisha ya mtu. Iko pale. Mliapa juu ya Katiba hiyo. Basi siku ukimrudisha mtu kwa sababu ya kaptula yake, ujue umevunja kitu kikubwa kuliko taratibu za ofisi.

Sasa nitasema langu. Nimeliahirisha mpaka sasa kwa sababu ni zito.

Ilikuwa 1984, mwezi wa kwanza, shule zinafunguliwa. Nilikuwa na miaka 26, karani mwenye suruali ya kupigwa pasi na saa ya mkononi. Saa moja na nusu asubuhi, nafungua kidirisha. Wa kwanza kwenye foleni ni mama wa makamo, kama miaka 45, kanga kiunoni imelowa mpaka magotini, magamba ya samaki yamemng'ang'ania mikononi. Ananuka dagaa. Mkononi ana fomu za mtoto aliyechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, ameziviringisha kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Anataka mhuri na saini.

Nikamwambia, "Mama, hapa si mwaloni. Nenda ukaoge, uje kesho."

Sikumwamkia. Alikuwa sawa na mama yangu, na sikumwamkia. Watu wawili kwenye foleni walicheka, na mimi nilipenda walivyocheka.

Yeye hakusema kitu. Alizirudisha zile fomu kwenye mfuko polepole, akakung'uta mkono usiziguse, akaondoka.

Kwa ninyi mliotoka mbali, niwaeleze kidogo kazi ya dagaa, mjue nilichokuwa nikikisema. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hakuna kazi. Wavuvi wanaingia ziwani jioni na taa, zamani zilikuwa karabai, mwanga unawavuta dagaa juu, wanawazungushia nyavu. Alfajiri mitumbwi inarudi kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, na kina mama wanangoja wakiwa majini, maana anayengoja mchangani anakuta mali imekwisha. Ukishanunua, huna muda. Dagaa aanikwe jua likichomoza, ageuzwe, ikinyesha akusanywe mbio. Akilala mbichi ameoza na mtaji umekwenda. Kwa hiyo mama yule alikuwa macho tangu saa tisa usiku. Amenunua, ameanika, amemwachia mtu amlindie kwa saa moja tu, akapanda mlima kuja kwangu. Angeoga saa ngapi? Na mahitaji ya shule ya mtoto yule yangetoka wapi, kama si kwenye harufu ile ile?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, mliokuwapo mliuona mji. Mama lishe hana mteja. Bodaboda wamekaa kijiweni mchana kutwa. Miezi mitatu tu mwanamke wa dagaa hayupo mwaloni, na mifuko ya watu ambao hawajawahi hata kumsalimia ikawa mitupu.

Kesho yake yule mama hakuja. Wala keshokutwa. Na siku ya tatu bosi mwenye mhuri alisafiri wiki mbili.

Sikulala vizuri, nikasahau, nikakumbuka, nikasahau tena. Lakini mji wetu ni mdogo. Nilikuwa namwona Kibirizi. Na kwa miaka 34, wanangu, miaka 34, nilikuwa nanunua dagaa meza za mbali ili macho yetu yasikutane.

Naona saa inakwenda na chai inapoa, na kina mama hawa wameiandaa kwa kazi. Nitasema machache ya kufanyia kazi Jumatatu. Mtu akifika dirishani, inua kichwa kwanza, karatasi baadaye. Msalimie kwa umri wake. Muulize jina, umwite nalo. "Wewe" si jina la mtu, wala "boda", wala "dada wa kazi". Kama huwezi kumsaidia leo, mwambie kwa nini, na mwambie kesho saa ngapi, maana "njoo kesho" yako ni nauli yake kutoka Kalya au Buhigwe. Ofisi mtakayoikuta na kidirisha cha chini, kile kinachomlazimu mwananchi kupinda mgongo ndipo akuone uso, omba kibomolewe. Mimi niliomba mara tatu. Mara ya tatu walikibomoa. Na ukirudi nyumbani, yule binti anayekulelea mtoto, naye ana mama yake mahali anauliza habari zake.

Nilipostaafu, 2018, wiki ya kwanza tu, nilikwenda Kibirizi. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ile. Anauza mjukuu wake siku hizi. Yeye anakaa pembeni kwenye kigoda, anachambua mchanga kwenye dagaa. Amezeeka. Nilichuchumaa mbele yake, nikasema, "Shikamoo mama."

Akasema, "Marahaba mwanangu."

Nikamwambia mimi ni yule karani wa 1984. Nikamweleza kila kitu, kanga iliyolowa, mfuko wa nailoni, maneno niliyosema. Nikamwomba radhi. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kapu. Kisha akasema, "Siwezi kukukumbuka, mwanangu. Mlikuwa wengi."

Nikamuuliza habari za mtoto, yule wa fomu. Alifika shule? Nafasi yake ilibaki? Nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka yote.

Akaniuliza, "Mtoto yupi? Nimesomesha watano. Na kwa kila mmoja nilifukuzwa mahali."

Akamwambia mjukuu wake anipimie sado. Nilipotoa hela akahesabu, akanirudishia chenji yote, mpaka shilingi ya mwisho.

Asanteni kwa kunisikiliza.